Nimemaliza masta ya uhusiano wa kimataifa, nimekwamishwa na "likizo yangu ya mwisho"

Wakuu, heshima mbele. Moderata, nakuomba usiuunganishe uzi huu na ule wa ada, hili ni jingine kabisa.

Nimesoma masta ya uhusiano wa kimataifa kwenye chuo kimoja hapa nchini (sitakitaja, waliopita pale watakitambua kabla hawajafika katikati). Kozi zote nimevuka. Tasnifu nimeitetea, masahihisho nimepeleka, msimamizi kasaini. Joho sijavaa. Sababu ni Kifaransa: 47. Ya kuvukia ni 50.

Kanuni yao inasema huhitimu mpaka ufaulu lugha moja ya kigeni "kwa kiwango cha kati", Kiingereza na Kiswahili havihesabiki. Na alama hizo haziingii hata kwenye GPA. Ukipata 90 haikuongezei kitu, ukipata 47 unakaa nyumbani.

Kabla hamjaniandikia "soma dogo, acha kulia lia", nisikilizeni. Mimi Kifaransa nakitaka. Nafanya kazi Kigoma, bandarini, upande wa nyaraka. Mzigo unaovuka ziwa unakwenda Bujumbura, Uvira, Kalemie. Kwa mdomo hatuna shida kabisa na jamaa wa ng'ambo, Kiswahili chao tunakielewa na chetu wanakielewa, tukichekana ni kwa lafudhi tu. Shida ni karatasi, maana karatasi zao ni Kifaransa mwanzo mwisho. Kabla sijaenda masomoni niliwahi kusimamisha mzigo wa mafuta ya kula nusu siku nzima, hesabu zinakataa, mpaka wakala mmoja Mkongomani akanyoosha kidole juu ya karatasi: "Patron, hii ni poids brut, mafuta pamoja na madumu. Poids net iko huku chini, angalia muzuri." Vijana wa kupakia walinicheka wiki nzima. Ndiyo maana nilichagua Kifaransa. Sikulazimishwa na mtu.

Sasa nilichouziwa.

Jumamosi, saa mbili hadi saa tano asubuhi, darasa la watu zaidi ya 60, mihula miwili. Kwenye makaratasi ni saa 90. Toa Jumamosi za mahafali, toa za majaribio, toa alizokosa mwalimu (wa muda, si mwajiriwa, anafundisha vyuo vitatu, malipo yake yanachelewa, alitwambia mwenyewe na simlaumu), zinabaki kama 60. Kitabu ni cha mabinti wanaoagiza croissant (andazi la Kifaransa) mgahawani. Muhula wa kwanza être na avoir ("kuwa" na "kuwa na"), wa pili passé composé (wakati uliopita), basi. Hatukuona mkataba hata mmoja wa Kifaransa, wala azimio, wala barua ya ubalozi. Hii ni masta ya uhusiano wa kimataifa, jamani!

Halafu ingia kwenye pepa. Swali la kwanza, tafsiri kwenda Kiingereza aya ya azimio la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Tumetoka kwenye croissant tumedondokea Baraza la Usalama. Swali la mwisho, alama 20: Racontez vos dernières vacances. Simulia likizo yako ya mwisho.

Likizo yangu ya mwisho nilikwenda Kasulu kumuuguza mama. "Kuuguza" kwa Kifaransa sikulijua, na hadi leo sijui wanalisemaje kwa neno moja. Nikaandika nilichoweza: nilikwenda Kasulu, mama alikuwa mgonjwa, nikarudi kazini. Mistari mitatu. Nimekadiria hapo nilipata sita, sana saba. Kadirio tu, kwa sababu nilipoomba kuona karatasi yangu niliambiwa hazionyeshwi.

Kuna Mrundi tulisoma naye, kasoma kwa Kifaransa tangu utotoni. Kafanya pepa hilohilo, dakika 40 katoka, ananikonyeza mlangoni. Ni rafiki yangu, ila siku ile nilimchukia kidogo.

Wamarekani chuo chao cha kufundishia mabalozi kinakiweka Kifaransa kwenye kundi la lugha rahisi kwa mtu wa Kiingereza, na bado wanakipa takriban wiki 30, mtu anashinda darasani na mshahara unaingia. Kiswahili wanakipa kama wiki 36. Sisi wa Jumamosi asubuhi ndio wa kiwango cha kati?

Na hiyo "chagua lugha" yenyewe ni maigizo. Prospektasi imeorodhesha Kifaransa, Kiarabu, Kichina, Kireno na Kihispania. Mwenzetu mmoja wa Mtwara alitaka Kireno, akili timamu kabisa, Msumbiji ni jirani yake. Mwalimu hakuna, akasukumiwa kwetu kwenye croissant. Daraja la Umoja pale mto Ruvuma limefunguliwa tangu 2010, mwalimu wa Kireno hajavuka mpaka leo.

Najua atatokea wa kusema Kiswahili kihesabiwe, kimekuwa lugha rasmi SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika) 2019, Umoja wa Afrika 2022. Hapana mkuu, nikipewa cheti kwa lugha niliyokulia nitakuwa nimejidanganya. Ninachouliza ni kwa nini tunatafsiri Kifaransa kwenda Kiingereza tu. Mwaka 2021 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliviingiza Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi kwa mpigo, mwaka uliofuata Kongo ikaingia. Kazi ya kuvuka kati ya lugha hizo mbili ndiyo hii iliyo mezani kwangu kila siku, na chuo hakina hata saa moja ya kuifundisha.

Ofisini dada wa dirishani alinijibu bila kuinua macho, "Kaka, wewe si wa kwanza." Sapu (mtihani wa marudio) ni mara moja kwa mwaka, inalipiwa, na lazima ufike mwenyewe. Kigoma hadi Dar kwa treni ni zaidi ya kilometa 1,200, nikaandike tena habari za likizo.

Yule wakala Mkongomani sasa ananifundisha jioni, tukishafunga. Tunakaa juu ya magunia na manifesti (orodha za mizigo) za siku hiyo: expéditeur (mtumaji), destinataire (mpokeaji), colis (kifurushi), avarie (mzigo ulioharibika). Malipo yake ni chai na chapati. Miezi miwili, na wiki iliyopita nimesoma karatasi nzima bila kumwita mtu.

Ila sapu haiulizi avarie. Kwa hiyo likizo nimeshaitunga, naikariri asubuhi nikipiga mswaki. Nilikwenda Paris na familia yangu. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Tulikula croissant. Mama yangu hajambo kabisa.

Mwenye madesa ya miaka ya nyuma anicheki PM.