Tupeane uzoefu: sheria ya "madini ya damu" iliwafanyaje wachimbaji?

Wakuu za mida. Niko Ngamiani Tanga, jana kijiweni ulizuka ubishi wa ile sheria ya Marekani ya 2010, Dodd-Frank kifungu cha 1502, inayotaka makampuni yaseme kama bati, tantali, wolframi na dhahabu yao vinatoka Kongo au nchi jirani (na sisi tumo, msijisahau). Nia ilikuwa waasi wakose hela. Aliyewahi kuwa huko au mwenye machimbo atupe ya kwake.

Dereva wa Chumbageni
Mi nilikuwa napeleka mzigo Goma miaka hiyo. Septemba 2010 Kabila, rais wa Kongo wakati huo, akapiga marufuku uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema, majimbo ya mashariki, Machi 2011 akafungua, ile kafungua tu wanunuzi wakubwa wakagoma kuchukua mawe yasiyo na lebo ya kuonyesha yametoka machimbo gani, na lebo zenyewe machimboni hazijafika, kwa hiyo ruhusa ipo mnunuzi hayupo. Kule Walikale, Kivu Kaskazini, vindege vilikuwa vinaingia na sabuni, chumvi, mafuta, vinatoka na bati. Bati likikwama na sabuni hamna. Mama niliyekuwa nakula kwake Goma wateja wake wengi wabeba viroba, akaanza kupika kasufuria kadogo na bado nusu wanakula kwa daftari.

Bi Mkubwa Handeni
Huku vita hatuna ila makaratasi yametuchoma. Kabla masoko ya madini hayajaanza 2019 alikuja mnunuzi anataka karatasi ya dhahabu imetoka duara (shimo) gani, sasa sie tunachimba kwenye leseni ya mtu, tunagawana viroba, karatasi tutoe wapi? Nikamuuzia broka kwa bei ya kutupa, watoto wanadaiwa ada. Soko lilipokuja afadhali, mrabaha 6% na ukaguzi 1% vinakatwa palepale na risiti unapewa.

Nesi_Pangani
Kuna utafiti wa 2016 ulikuta vifo vya watoto wachanga viliongezeka vijiji vya karibu na machimbo yaliyolengwa. Mi sishangai, baba hana kazi mama anaendaje kliniki ya kulipia?

Mzee wa Raskazone
Tuwe wakweli lakini, machimbo kadhaa ya bati na koltani (mawe ya tantali) wenye bunduki walitoka. Shida wengine walihamia kwenye dhahabu, ndogo, inafichika mfukoni. Halafu hizo lebo nani anazilipia?

Dereva wa Chumbageni
Mzee shikamoo. Inakatwa kwenye bei ya kilo, aliyeko shimoni ndo analipa.