Nawezaje kuandika hotuba ambayo kiongozi ataisoma mpaka mwisho?

Afisa_Dodoma

Ndugu zangu, nimekuwa afisa habari wa Serikali kwa miaka sita, na tangu Julai mwaka jana nimepewa jukumu la kuandaa hotuba za kiongozi mmoja wa ngazi ya juu. Kila rasimu hupelekwa kwenye idara zinazohusika ili zitoe maoni, na kila idara huongeza aya yake, takwimu zake na jina la mradi wake, hata hotuba niliyoipangia dakika kumi hurudi ikiwa na kurasa kumi na nane. Wiki mbili zilizopita, kwenye uzinduzi wa mradi wa maji, kiongozi alisoma kurasa mbili za mwanzo, akawatazama wananchi waliokuwa juani tangu asubuhi, akaikunja hotuba na kuzungumza nao kwa maneno yake mwenyewe. Walimshangilia sana. Nilifurahi kwa ajili yao, lakini niliumia, kwa kuwa alichokisema bila karatasi ndicho nilichopaswa kumwandikia. Hotuba ambayo msemaji ataiona ni yake huandikwaje? Na mtu huzoeaje kuandika maneno ambayo hayatakuwa na jina lake kamwe?

Mstaafu_Upanga

Mwanangu, maneno aliyoyasema siku ile uliyaandika mahali? Kama hukuyaandika, anzia hapo. Nilipokuwa kazini nilikuwa na daftari la kunukuu yale ambayo mkubwa wangu aliyasema nje ya hotuba: methali anazozirudia, mahali anapovuta pumzi, maneno yanayomkwama ulimini. Mmoja alijikwaa kila alipofika kwenye neno "uratibu", nami nikawa namwandikia "kupanga kazi kwa pamoja", na wasikilizaji walielewa zaidi.

Sikiliza tena hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera. Alisema kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Ni maneno matatu ambayo hata mtoto aliweza kuyarudia nyumbani, lakini hoja yake haina upenyo, kwa maana mwenye uwezo asiye na sababu ni mchokozi, mwenye sababu asiye na uwezo huishia kulalamika, na mwenye vyote viwili akikosa nia hatoki nyumbani. Hotuba yako ikishapata kiini cha namna hiyo, aya ya idara isiyokitumikia utaitambua mara moja, na utakuwa na sababu ya kuiondoa ambayo hata mkurugenzi ataielewa.

Usizitupe takwimu zao, kwani watu wamezifanyia kazi. Bungeni waziri husoma muhtasari, kisha huomba hotuba yake yote iingizwe kwenye Kumbukumbu Rasmi za Bunge. Nawe andaa nakala ndefu ya kuwapa waandishi wa habari na nakala fupi ya kusomwa.

Kuhusu jina, mkumbuke Joan Wicken, msaidizi binafsi wa Mwalimu kwa zaidi ya miaka 30, aliyemsaidia kuandaa hotuba zake nyingi za Kiingereza. Watanzania wengi hawamfahamu, ilhali kazi yake imo katika maneno wanayoyanukuu.

Kalamu_Nairobi

Namheshimu mzee, ila naongeza tahadhari. Hapa Kenya kukunja karatasi kumekuwa desturi tangu enzi za Rais Moi: katika sikukuu za kitaifa hotuba iliyoandikwa husomwa kwa Kiingereza, kisha kiongozi huiweka kando na kuwahutubia wananchi kwa Kiswahili bila maandishi. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini mazoea hayo hayakukoma, na sehemu ambayo wananchi huisikiliza kwa makini imebaki kuwa ile ambayo hakuna aliyeiandaa. Huko ndiko ahadi ya barabara isiyo kwenye bajeti inakotoka, na huko ndiko mtu hutajwa kwa neno ambalo kesho yake litahitaji kukanushwa. Kwa hiyo, sehemu ile nayo iandalie. Mimi huambatisha nusu ukurasa wa Kiswahili wenye hoja nne au tano tu, pamoja na kiasi cha fedha kilichokwisha kuidhinishwa, ili hata akiiacha hotuba asiuache ukweli.

Itifaki_Kwanza

Naongeza mambo madogo ambayo yameharibu hotuba nzuri mbele ya macho yangu. Orodha ya salamu iwe kwenye karatasi ya peke yake, kwa sababu wageni hubadilika hadi dakika ya mwisho. Tumia maandishi makubwa, acha sehemu ya chini ya ukurasa wazi ili kichwa kisiiname mno, na usiruhusu sentensi ianze ukurasa huu na kumalizikia unaofuata. Shilingi 3,748,250,000 iandike "zaidi ya shilingi bilioni tatu na milioni mia saba", kwa kuwa msomaji akisimama kuhesabu tarakimu, wasikilizaji nao husimama.

Afisa_Dodoma

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Jana usiku niliipata sauti iliyorekodiwa siku ya uzinduzi, nami nimeanza kuiandika neno kwa neno. Alianza kwa kueleza jinsi mama yake alivyokuwa akitoka na ndoo alfajiri na kurudi jua limeshachomoza, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa miezi yote niliyomwandikia, kwa sababu sikuwahi kumwuliza. Ijumaa anahutubia mahafali ya chuo cha uuguzi. Nimemwomba katibu wake dakika kumi na tano za kukaa naye kabla sijaandika mstari wa kwanza, na nimeambiwa nifike kesho saa mbili asubuhi.