Tupeane uzoefu: pampu za kompresa, nani amebadilisha na ilikuwaje? (Mtwara na Lindi)

Gereji Magomeni, Mtwara
Wakuu habari za kusini. Msimu wa korosho huo unakuja, malori yataanza kushuka toka Newala, Tandahimba na Masasi, na kila mwenye kibanda cha pancha anajua shughuli yake. Naomba tupeane uzoefu kuhusu pampu za kompresa, namaanisha ile hedi yenyewe inayokandamiza upepo, sio tangi. Nina tangi la lita 100, mota ya hp 2 (nguvu za farasi) fezi moja, pampu imechoka inatema oili mpaka kwenye hosi na ikianza kujaza mteja anakata tamaa. Sasa nimeanza na kazi za kupuliza rangi kwahiyo nataka pampu kubwa zaidi. Dukani wananiambia nichukue ya silinda mbili ya hp 4 nifunge hapohapo kwenye mota yangu. Waliopita njia hii naomba waseme walichokiona wenyewe.

Pancha Mingoyo
Kiongozi mimi niko hapa njiapanda, kazi yangu kubwa ni matairi ya malori, nikuambie kitu kimoja tu ambacho wauzaji wengi hawakisemi. Silinda mbili sio hatua mbili. Angalia hizo silinda kwa macho, kama zote zina unene sawa basi hiyo ni hatua moja, zote zinavuta upepo wa nje na kusukuma tangini, zinakupa upepo mwingi lakini presha ni ileile, nyingi zinakata kwenye bar 8 ambayo ni psi 116 hivi (bar na psi vyote ni vipimo vya presha). Tairi la lori linataka 110 mpaka 120, sasa tangi lenye 116 litajazaje tairi la 120? Utasimama hapo dereva anakuangalia. Hatua mbili utaiona silinda moja nene na nyingine nyembamba, na katikati kuna bomba lenye mapezi la kupoza upepo. Ile nene inakandamiza kwanza, upepo unapoa bombani, nyembamba inamalizia, hapo unafika bar 12 bila pampu kuungua. Nilipoweka hiyo ndo nikaanza kuhudumia semi bila kuhangaika. Ila kama kazi yako ni magari madogo na bodaboda psi 30 na ushee, usiingie gharama hiyo, haina sababu kabisa.

Rangi Masasi
Naongezea upande wa rangi. Usinunue kwa hp wala kwa ukubwa wa tangi, nunua kwa upepo unaotoka kwa dakika. Tangi ni ghala tu, halitengenezi upepo, likiisha limeisha na unabaki na kile pampu inachozalisha. Bunduki nyingi za kisasa za kupulizia rangi za presha ndogo zinakula cfm 10 (futi za ujazo za upepo kwa dakika) na zaidi mfululizo, na hp moja inakupa kama cfm 3 mpaka 4 tu. Piga hesabu, hp 2 yako ni 6 mpaka 8. Ndo maana unaona unapuliza mlango mmoja wa gari vizuri, wa pili rangi inaanza kutoka matone matone. Na ile namba ya lita kwa dakika iliyobandikwa kwenye pampu mara nyingi ni ujazo wa silinda zikizunguka, sio upepo unaofika kwenye bunduki, unaofika ni pungufu, weka kama theluthi mbili yake hivi.

Halafu maji ndugu zangu. Pwani hii hewa ina unyevu na joto, pampu inavuta unyevu wote unaenda kugeuka maji ndani ya tangi. Fungua koki ya chini kila jioni. Rangi ikiguswa na maji au oili inakuvimbia vidoadoa na utasugua upya gari zima. Mimi nimepitisha bomba la chuma ukutani mita kadhaa kabla ya filta ya maji, upepo unapoa njiani, maji yanashuka, filta inafanya kazi yake. Watu wanabandika filta palepale kwenye pampu, upepo bado wa moto, maji yanapita kama mvuke yanaenda kutokea mbele.

Fundi Mota, Lindi mjini
Shikamooni wakubwa, vijana hamjambo. Huyo aliyekuambia ufunge pampu ya hp 4 kwenye mota ya hp 2 na puli ileile (kile kigurudumu cha mkanda kwenye mota), mota itaungua. Mota ndo inayobeba mzigo. Unaweza kuweka puli ndogo kwenye mota ili pampu izunguke taratibu, itavuta, lakini pampu hizi zinajilainisha kwa kijiko kinachorusha oili, na gurudumu lake ndo feni ya kuzipoza, ikizunguka taratibu mno oili hairuki vizuri na pampu inachemka.

Hesabu ya puli ni hii, kila mtu aiandike. Chukua kipenyo cha gurudumu la pampu, zidisha na mizunguko kwa dakika iliyoandikwa kwenye pampu, gawa kwa mizunguko iliyoandikwa kwenye kibao cha mota. Mfano gurudumu milimita 300, pampu inataka 900, mota ya 1440, unapata puli ya milimita 187 na nusu. Lakini mota nyingine za fezi moja ni za 2850, hapo puli inakuwa 95 tu. Ukihamisha puli ya mota moja kwenda nyingine bila kusoma kibao, pampu inazunguka karibu mara mbili, inavunja vali kabla msimu haujaisha. Na mapezi ya gurudumu lazima yapulizie silinda, kuna mshale umechorwa, ufuate. Mota ya fezi tatu ikizunguka kinyume badilisha nyaya mbili tu.

Fanicha Nachingwea
Asante baba kwa hiyo hesabu, nimeiandika. Mimi ni mama wa karakana ya fanicha, napuliza vanishi. Nataka nisemee umeme. Niliyemkuta hapo kabla yangu alikuwa anavuta waya mrefu mwembamba toka nyumba kubwa mpaka karakana, mota inaunguruma haizunguki, kapasita za kuwashia mota zinakufa kila mara. Nikahamisha kompresa karibu na mita, nikaongeza urefu wa hosi ya upepo badala ya waya. Mpaka leo mota ni ileile. Kingine, kompresa ikikata lazima usikie ile pshhh kwenye presha swichi (ile inayozima mota tangi likijaa), ni upepo wa kwenye bomba unatolewa ili mota ikiwaka tena isianze na mzigo. Usipoisikia ita fundi siku hiyohiyo.

Gereji Magomeni, Mtwara
Dada asante sana, na mzee marahaba kwa salamu za vijana, namaanisha shikamoo. Kibao cha mota yangu kinasoma 2850 na nguvu yake ni hp 2 tu, kwahiyo pampu ya hp 4 nimeachana nayo. Kuna jamaa Mikindani anauza pampu ya mtumba hatua moja ya hp 3 pamoja na mota yake, naijuaje kama nzima?

Fundi Mota, Lindi mjini
Marahaba mwanangu. Mwambie aifunge kwenye tangi ujazo unaujua, toa upepo wote, washa na saa mkononi. Tangi la lita 100 kufika bar 8 ni lita 800 za upepo. Ikitumia dakika 4 inatoa lita 200 kwa dakika, ni cfm 7. Kwa hp 3 hiyo ni ndogo, ringi za pistoni au vali zimekwisha. Ikitumia dakika 3 ongea bei. Halafu weka mkono kwenye filta ya kuvutia hewa, ikiwa inakupulizia nje badala ya kuvuta, vali ya kuingizia imevunjika, hiyo ni rahisi, inabadilishwa. Oili ikitoka kwenye hosi ni ringi au silinda, hapo hesabu inakuwa nyingine.

Pancha Mingoyo
Na tangi usiliamini kwa rangi ya nje, huku kwetu chumvi ya bahari na maji ya ndani yanalila kimyakimya. Ligonge chini taratibu, usikie kama kuna sehemu inalia tofauti, na kulipima presha ni kwa kulijaza maji sio upepo, maji yakipasua tangi yanamwagika tu. Na msichomelee kiraka tangi la upepo jamani.

Gereji Magomeni, Mtwara
Nimeelewa. Jumamosi naenda Mikindani na saa na tepu ya kupimia gurudumu, nitaleta majibu na picha ya kibao hapa. Anayejua wanaochonga puli za mikanda miwili kwa Mtwara mjini aniandikie tafadhali, Masasi ni mbali kwenda kwa puli moja.