Tupeane uzoefu: Ulianzaje kuuza tiketi na safari kama huduma mpya kwenye biashara yako?

Mwanzisha uzi, Dodoma

Wakuu, habari za majukumu. Nina stationery na uwakala wa pesa hapa Dodoma. Tangu treni ya SGR ianze kufika huku Julai 2024, watu wanaingia dukani wakitaka niwakatie tiketi mtandaoni. Mzee hana simu janja, mama ana watoto na hajui aanzie wapi, mwanafunzi mtandao umemgomea. Nauli ya Dar–Dodoma daraja la kawaida ni 31,000, wanalipa wenyewe, mimi nachukua ada ndogo ya huduma.

Sasa maswali yamepanda. Ndege ya Mwanza, boti ya Zanzibar, fomu za viza, hata kwenda hifadhi ya Mikumi na familia wikiendi. Naona hapa kuna biashara kamili, ila sijui nianze na tiketi, nianze na safari za utalii, au niwe napeleka wateja kwa kampuni kubwa nipate kamisheni. Hawa watu wananiamini, ndiyo maana sitaki kubahatisha. Mlioanza, mlianzia wapi? Mwenye hesabu halisi aimwage hapa.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu, mimi nilikuwa na duka la simu Kariakoo, wateja wangu wengi wafanyabiashara wa Guangzhou na Dubai. Nikaanza na tiketi za ndege kwa sababu hao walikuwa tayari mbele yangu.

Usikimbilie usajili wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege. Kule wanataka dhamana ya kifedha na mahesabu ya kampuni, na malipo ya mashirika yanapita kwenye mfumo wao kwa tarehe maalumu, ukichelewa unafungiwa. Mimi nilienda kwa wakala mwenye IATA, nikawa wakala mdogo chini yake. Yeye anakata tiketi, mimi namleta mteja na kumhudumia. Faida haitoki kwenye kamisheni ya shirika, mashirika mengi yalishaifuta au kuipunguza kabisa. Inatoka kwenye ada yako ya huduma. Mtajie mteja ada hiyo waziwazi toka mwanzo, usiifiche ndani ya nauli. Siku akiona bei mtandaoni atakuona mwizi.

Jambo moja nalisisitiza hadi leo kwa vijana wangu: jina usilichukue kwenye WhatsApp. Omba picha ya pasipoti, angalia mistari miwili ya chini yenye vialama vya <<<. Kwenye mstari wa kwanza, linaloanza baada ya herufi za nchi ni jina la ukoo, na yanayokuja baada ya vialama viwili vya << ni majina mengine. Andika hivyo hivyo. Mteja atakwambia anaitwa Baba Fulani au jina la tatu analotumia kazini, na mashirika mengi hayabadilishi jina tiketi ikishatoka. Wakati huohuo angalia pasipoti ina miezi sita mbele, na kama anapita nchi inayodai viza ya kupita. Ukiona kosa, piga simu kwa wakala wako siku ileile, kwa kawaida tiketi huweza kufutwa kabla siku haijaisha. Kesho yake ni gharama.

Mchangiaji, Arusha

Nawasalimu. Mimi nilikuwa dereva-mwongozaji kabla ya kufungua ofisi, kwa hiyo nitasema upande wa utalii tu.

Kwanza leseni. Biashara ya utalii bara inaendeshwa kwa Sheria ya Utalii ya 2008 na leseni yake ni ya biashara ya utalii kutoka wizarani, wengi bado wanaiita TALA. Kusajili kampuni BRELA peke yake hakutoshi. Loji nyingi hazikupi bei ya wakala bila kuona leseni, na bei hiyo ndiyo faida yako yenyewe. Wakati unatafuta yako, fanya kazi chini ya kampuni iliyo nayo, mteja ajue ni kampuni gani inayomchukua.

Pili, usinunue Land Cruiser. Kodi gari na dereva kwa siku. Gari lako mwenyewe linakula pesa masika yote, Aprili na Mei, likiwa limeegeshwa.

Tatu ni hesabu ya bei kwa kila mgeni, hapa ndipo wapya wengi wanaumia. Ukiwa na wageni wa kutoka nje, kushusha gari kreta ya Ngorongoro ni dola 295 pamoja na VAT, awe mgeni mmoja au sita. Dereva ni yuleyule, mafuta ni yaleyale. Kwa hiyo bei ya watu sita usiigawanye kwa sita halafu ukamuuzia mtu mmoja. Andika gharama za gari upande mmoja, za mtu upande mwingine (kiingilio, kitanda, chakula), ndipo ujumlishe. Nikipata kijana wa ofisini, kazi yake ya kwanza ni kuandika karatasi hiyo kwa mkono, kabla ya kompyuta.

Kwa wewe wa Dodoma ningeanza na hao hao wanaouliza Mikumi. Raia wa Afrika Mashariki analipa kiingilio kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na mgeni. Wapande treni hadi Morogoro, gari liwapokee stesheni. Barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi, na kabla hata ya kulipa getini watoto wanaweza kuona twiga. Hao wakirudi wanawaambia ofisi nzima.

Mchangiaji, Mombasa

Assalaam aleikum. Mimi ni mama mwenye duka la mabuibui, na nilianza na umra kwa sababu wanunuzi wangu ni akina mama wa chama kimoja. Walikuwa wakiweka pesa kila mwezi, mimi nikawatafutia kampuni iliyosajiliwa na kuwapeleka kama kikundi. Hija siigusi, ina mgao wa nchi na taratibu zake.

Dada na kaka zangu, mtu mzima hatazami bei tu. Anataka kujua hoteli iko mbali kiasi gani na Msikiti, wanalala wangapi chumbani, nani atamshika mkono kwenye umati. Bei ya watu wanne chumba kimoja na ya wawili ni mbali sana, na kumi la mwisho la Ramadhani ni bei nyingine kabisa. Nikiandika tangazo naandika hayo yote. Kwetu Kenya leseni inatoka Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, sheria ni ya 2011.

Mchangiaji, Muscat

Naongea kama mteja. Mama yangu yuko Tanga. Tiketi yake ya kuja huku naweza kuinunua mwenyewe kwa simu. Bado nampa wakala wa Tanga pesa, kwa sababu anaenda nyumbani, anamkagulia kadi ya homa ya manjano, anamwandikia kwa herufi kubwa wapi pa kubadilisha ndege, na ndege ikiahirishwa usiku anapokea simu. Hicho ndicho ninacholipia.

Mwanzisha uzi, Dodoma

Mmenifungua sana. Naona nianze na treni na ndege chini ya wakala, na Mikumi kwa vikundi vya maofisini. Swali moja: pesa za kikundi mnazipitishaje? Mimi pesa zote ziko kwenye laini ya uwakala.

Mchangiaji, Arusha

Fungua akaunti ya pembeni leo, kabla ya tangazo la kwanza. Kianzio cha mteja kisikae hata saa moja kwenye float, yaani pesa ya mzunguko ya uwakala, kwa sababu saa hiyohiyo mtu atakuja kutoa pesa na utampa. Mpe kila mtu risiti yenye tarehe ya kumalizia malipo, na uandike anarudishiwa kiasi gani akighairi mwezi kabla, wiki kabla, siku yenyewe. Masharti hayo yachukue kwa loji na mwenye gari, usiyatunge. Ukiwa tayari niandikie inbox nikutumie mfano wa karatasi yangu ya hesabu.