Naomba ushauri: nimfu wa Wagiriki nimwiteje kwa Kiswahili?

Habari zenu wakuu. Kila usiku namsimulia binti yangu wa miaka 8 hadithi za Wagiriki wa kale. Miungu wakubwa hawana shida: Zeus na radi yake, Poseidon na mkuki wa ncha tatu, Athena aliyetoka kichwani mwa baba yake akiwa na silaha tayari. Hiyo ya Athena kaipeleka mpaka shuleni.

Nimekwama kwa nimfu, wale mabinti wa chemchemi, miti na milima. Juzi nilisema "jini wa mtini". Kosa! Asubuhi akagoma kupita chini ya mwembe. "Malaika" mama yake kakataa kabisa, nami namwelewa. "Nguva" ningewapa wale mabinti 50 wa mzee Nereus wa baharini, ila hao hawana mkia wa samaki. Na wa mitini wengine hufa mti wao ukikatwa, kwa hiyo "mungu mdogo" nalo linapwaya.

Jingine ni nimfu Daphne. Mungu Apollo anamkimbiza, binti hamtaki, anamlilia baba yake, Peneus, mungu wa mto, naye anamgeuza mti wa mlaureli. Halafu Apollo anachuma majani yake na kujivika taji! Mwanangu akauliza, "Sasa si bado kamshika?" Nikajifanya nasinzia.

Mliowahi kuwasimulia watoto hadithi hizi, mnatumia neno gani? Na ya Daphne mnaingoja hadi umri gani? Leo usiku ni zamu ya nimfu mwingine, Echo.