Tupeane uzoefu: mafundisho ya Kihindu yamekugusaje ukiwa Mwislamu au Mkristo?

Wakuu, salaam. Nimezama kwenye habari za Ramakrishna, kuhani wa hekalu la Kali, mungu wa kike wa Wahindu, pale Dakshineswar, karibu na Kolkata, India, aliyefariki 1886. Hakuishia kusema kwamba njia za kumwendea Mungu ni nyingi, alizipita mwenyewe. Mwaka 1866 alifundishwa na Msufi, akawa anaswali na kumtaja Allah, na siku hizo hakutaka hata kuzitazama sanamu za hekaluni. Baadaye akaelekea kwa Yesu. Mwanafunzi wake Vivekananda ndiye aliyeufikisha ujumbe huo Chicago, Septemba 1893, kwenye Bunge la Dini za Dunia. Naamini jambo hili si la Wahindi peke yao. Mliokutana nalo tusimulieni yaliyowakuta, nadharia tuziweke kando.

Mchangiaji wa 1 (Tanga)
Nilisoma Pune, India. Mwenzangu wa chumba, Mhindu, akanichukua hadi mji wa Shirdi, kwa mtakatifu Sai Baba, aliyefariki 1918. Mimi Mwislamu, nilikwenda roho juu. Kumbe mzee yule aliishi miaka mingi ndani ya msikiti mkuukuu aliouita Dwarkamai, jina la Kihindu kabisa, na anakumbukwa kwa kauli kwamba Bwana wa wote ni mmoja. Moto wake, dhuni, ungali unawaka, na watu hugawiwa jivu lake kwenye vipaketi. Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo mama wa sari na mzee wa kofia, ndevu kazipaka hina. Jivu sikulichukua, dini yangu ina mipaka. Rafiki yangu hakunishurutisha wala hakununa. Tukatoka, tukanywa chai, na tangu siku ile tumekuwa ndugu.

Mchangiaji wa 2 (Nairobi)
Mimi Mkatoliki. Nilipokuwa namuuguza mama nilichoka hadi nikawa nadai kwa Mungu: nimemgeuza kitandani, nimemlisha uji, mbona haponi? Mwenzangu kazini akanionyesha pale kwenye Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, mungu Krishna anapomwambia shujaa Arjuna kwamba haki yako ni kutenda, matunda si yako. Nikaendelea kumlisha bila kudai. Paroko wetu hakushtuka. Alinisimulia habari za Bede Griffiths, mmonaki Mwingereza aliyehamia Shantivanam, makao ya wamonaki huko Tamil Nadu, India, mwaka 1968, ambako misa ilisomwa kwa taa na maua ya Kihindi na Kristo akabaki Kristo.

Mchangiaji wa 3 (Mombasa)
Naomba nitofautiane kidogo. Kusema dini zote ni kitu kimoja ni kuzionea zote. Mwislamu hasujudii sanamu, na Mkristo anashika kwamba Yesu ndiye njia. Ila ahimsa, kutodhuru kiumbe, nimeiona kwa jirani yangu mwenye duka: kila asubuhi kabla hajafungua huwamwagia njiwa nafaka, na mwombaji haondoki mikono mitupu. Hapo sihitaji kubadili kibla changu ili nijifunze.

Mwanzisha mada
Mkuu wa Mombasa, hapo tuko pamoja. Ramakrishna naye hakuchanganya: kila njia aliipita kwa adabu zake, na ndiyo maana namwamini kuliko wanaosema tu. Sasa walioko Muscat, mjini kwenu kuna hekalu la Shiva, mungu wa Wahindu, la miaka mingi. Mnaishije na majirani hao? Leteni.