Tupeane uzoefu: vijana wetu wajifunze vipi kusema mbele ya watu na kazini?

Mwalimu wa sekondari, Lamu
Assalaam aleikum jamaani. Mtaala wa CBC, huu wa umilisi hapa Kenya, umeweka mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi 7 wa msingi, lakini mwanafunzi akiitwa mbele bado hujikunyata. Kila mwenye mbinu aiweke hapa, hotuba tuwaachie wanasiasa. Naanza mimi.

Piga hesabu ya muda kwanza. Kipindi ni dakika 40, wanafunzi 45: ukiwaita mmoja mmoja, hakuna atakayepata hata dakika nzima. Wapange wawili wawili. Mmoja anasema dakika 2, mwenziwe anasikiliza tu, kisha wanapokezana. Halafu kila mtu anahamia kwa mwenzi mpya na kueleza yale yale kwa dakika moja na nusu, mara ya tatu kwa dakika moja. Kufikia raundi ya tatu "aaa" na "yaani" zimepungua, kwa sababu mada ameshaizoea na msikilizaji ndiye mgeni. Walimu wengi huharibu kwa kubadilisha mada kila raundi, au kupita wakisahihisha ngeli. Kijana wa kisiwani akisema "ndia" badala ya "njia", mwache amalize. Darasa likimcheka hapo, humsikii tena hadi muhula uishe.

Msimamizi wa mapokezi hotelini, Malindi
Ahsante mwalimu. Upande wetu wanafunzi wa atachimenti (mafunzo ya kazini) hukwama kwenye simu kuliko ana kwa ana, maana simu haina uso wala mikono. Zoezi letu: wawili wakae wamepeana mgongo, mmoja mgeni, mmoja mpokezi mwenye kalamu na karatasi. Mpokezi ataje salamu, jina la hoteli, jina lake. Kisha aandike jina la mgeni herufi kwa herufi, tarehe ya kuingia na ya kutoka, idadi ya watu na nambari ya simu. Mwisho ayasome yote tena kwa sauti, na nambari ya simu aikate tarakimu tatu tatu.

Mahali pa kuteleza ni tarehe. Kwa Kiingereza 13 na 30 zinafanana masikioni, na laini ikiwa mbovu ndiyo balaa. Dawa yake ni kutaja na siku ya wiki: "Jumamosi tarehe 13". Mgeni akisema "hapana, ni Jumanne", kosa limekamatwa kabla chumba hakijapewa mtu mwingine. Kwa Waitaliano, ambao hapa Malindi ni wengi, mfundisheni kijana nambari na siku za wiki za Kitaliano kabla ya hayo mazungumzo marefu ya kupendeza.

Mkufunzi wa waongoza watalii, Shela
Sisi shida yetu ni kijana kumwaga tarehe zote mlangoni. Ngome ya Lamu ilijengwa 1813 hadi 1821, mji ukaingia orodha ya UNESCO 2001. Mgeni anachukua moja, nyingine zinapita. Kila kituo kiwe na kitu kimoja cha kutazamwa na kisizidi dakika 2. Kama ni mlango wa nakshi, gusa nguzo ya katikati, onyesha nakshi yenyewe, halafu ndipo useme.

Vichochoro ni vyembamba, kwa hiyo ukisema huku unatembea, wa nyuma hasikii kitu. Simama palipo na baraza, ngoja wa mwisho afike, punda apite, geuka uwakabili. Jua lipige uso wako, lisipige wao. Sauti tunaizoesha gatini, mashine za boti zikinguruma: hatua 5, kisha 10, kisha 15, ujumbe ule ule. Anayepiga kelele koo linakauka mapema. Mwambie apunguze mwendo na afungue mdomo.

Mkufunzi wa chuo cha ufundi, Malindi
Niongeze la usaili. Wakiambiwa "tueleze habari zako", wengi huanzia kijiji walichozaliwa. Wape mpango wa sekunde 60: unasomea nini, kazi gani umeshaishika kwa mikono yako, kwa nini umekuja hapa. Waandike vidokezo 3 tu. Anayekariri aya nzima, neno moja likimponyoka yote yanaondoka.

Halafu kuna macho. Nyumbani tunafunzwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na ni adabu njema, ila baadhi ya wasaili hudhani kijana anaficha jambo. Simwambii akodoe. Amtazame anayeuliza, katikati ya nyusi, hadi swali liishe.

Mlezi wa klabu ya mdahalo, Lamu
Mbona hakuna aliyetaja mdahalo? Kwetu ndio umetoa wasemaji.

Mwalimu wa sekondari, Lamu
Umetoa wale wale, ndugu yangu. Wanasema sita, ukumbi mzima unapiga makofi. Ukiutaka ufae, kila msikilizaji aandike swali moja, na maswali yachaguliwe kwa kura kutoka kwenye kofia.

Mlezi wa klabu ya mdahalo, Lamu
Hilo nalikubali. Je, wasichana wanaonyamaza wakichanganywa na wavulana?

Mkufunzi wa chuo cha ufundi, Malindi
Dada, waanze peke yao, wanne wanne, na mwalimu wa kike. Kisha ongeza wavulana wawili, si darasa zima kwa siku moja. Na maoni yawe mawili tu kila mara: lililokaa vizuri, na moja la kurekebisha. Hilo la pili aambiwe pembeni.